Laptopu ya Bati

Kwa wiki tano nimefanya kazi nikiwa nimekalia ndoo. Ni ndoo ya rangi, lita 20, niliifudikiza kwenye kizingiti kati ya jikoni na sebule, mguu mmoja kwenye sakafu ya jikoni, mwingine kwenye zulia, laptopu mapajani. Pale ndipo mtandao ulipokuwa unasoma. Nikisogea hatua sita hadi kwenye kochi langu, ambalo nililinunua kwa jasho langu, vistari vya waifai vinapukutika kimoja kimoja kama nywele za mstaafu. Nikiingia nayo chumbani, kinabaki kialama cha mshangao. Nami nilikuwa nashangaa vilevile.

Kila aliyetaka kwenda jikoni alilazimika kuniruka. Mke wangu aliniruka na sufuria ya mchuzi wa moto, na akifika usawa wa kichwa changu alipunguza mwendo makusudi, ili nipate nafasi ya kuomba dua. Binti yangu aliniruka bila kubandua macho kwenye simu, na hiyo simu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa inashika mtandao popote: chumbani, uani, mpaka kule nyuma kwenye kamba za kuanikia nguo. Paka peke yake ndiye aliyepita kwa adabu, katikati ya miguu yangu.

Najua kuna mjuaji atakayesema kuandika hakuhitaji intaneti. Huyo hajawahi kuandika safu. Kuandika kwenyewe ni dakika 40. Saa tano zinazobaki ni za kutazama video za watu wanaochimba visima kwa mkono.

Mambo yalianzia Kariakoo. Kwa miaka minane nilikuwa na laptopu ya plastiki, nyeusi, nzito, feni yake inalia kama lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo wa mbao. Mtandao ilikuwa inaushika hadi wa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye nywila yake ilikuwa 12345678, na hapa simtaji wala simlaumu, namshukuru. Ila ilikuwa aibu kuitoa mbele za watu. Kwenye mikutano wenzangu wanachomoa vitu vyembamba vinavyong'aa kama sinia la harusi, mimi naweka mezani tofali.

Nikajikusanya. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kucha ndefu ya kidole cha mwisho, na kucha hiyo ndiyo iliyofanya biashara yote. Aliigonga laptopu mgongoni. "Sikia hiyo, mzee wangu. Hapo hamna plastiki. Alumini tupu. Imetoka Dubai, alikuwa nayo mzungu mmoja, kazi yake kuandika barua pepe tu." Nami nikaigonga. Ikajibu ngo! Wanaume wa ukoo wetu hununua kila kitu kwa kugonga. Tikiti maji tunaligonga, mlango tunaugonga, gari tunaligonga bodi huku injini hatujaifungua. Nikatoa laki saba na nusu, nikatoka kifua mbele.

Siku za mwanzo sikuona tatizo. Lakini siku za mwanzo za ndoa nazo mtu haoni tatizo.

Mtandao ulipoanza kunikimbia nikalaumu kampuni ya mtandao, kama raia yeyote mwema. Nikaongeza bando. Nikaizima ruta, nikaiwasha, nikaizima, nikaipangusa vumbi, nikaihamishia kwenye kabati la televisheni, mke wangu akairudisha juu ya friji kwa sababu pale kwenye kabati ndipo panapokaa maua yake ya plastiki. Kisha akaja shemeji.

Shemeji yangu anauza bima, na watu wa bima wana kipaji cha kukuonyesha kwamba balaa limeshakupata, wewe ndiye hujajua. Alikuja Jumapili, akala, akaona nilipokaa, akainyooshea laptopu mfupa wa paja la kuku. "Shem, umeuziwa sufuria. Chuma kinazuia mawimbi, hiyo ni sayansi ya darasa la saba. Kompyuta yako imejifungia ndani ya debe. Ruta inaiita, yenyewe haisikii."

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilikuwa nimetafuta mkosaji siku nyingi na sasa nimeletewa mmoja asiyeweza kujitetea. Jioni ile ile nikampigia mhariri wangu, ambaye safu yangu ilikuwa imemchelewea kwa siku tatu, nikamweleza kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya kwamba chombo changu ni cha alumini na alumini haipitishi mawimbi. Akanyamaza kidogo. "Kaka, hata mimi natumia ya alumini." Nikamwambia kila bati na tabia yake.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa bati. Barua pepe ya bosi haijajibiwa? Bati. Mchango wa kikao cha familia haujatumwa kwa simu? Hapo waifai haihusiki kabisa, lakini nilisema bati na wakaelewa.

Hata hivyo mtu akikaa kwenye ndoo muda mrefu huanza kufikiri. Nikajisomea. Nikakuta shemeji hakutunga. Mwaka 1836 kule Uingereza, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia waya na karatasi za bati, akakitia umeme kwa nje mpaka cheche zikaruka, naye akawa ndani na vipimo vyake anasubiri. Ndani hakukuwa na kitu. Umeme wote umeishia kwenye ngozi ya chumba. Miaka 52 baadaye Mjerumani Heinrich Hertz, mjini Karlsruhe, akatundika ukutani bati la zinki na kulirushia mawimbi ya redio, yakaligonga yakarudi yalikotoka. Nikatazama juu. Nyumba yangu ina bati la msauzi, geji 28, rangi ya damu ya mzee. Nikajiona nimo ndani ya sufuria iliyomo ndani ya sufuria.

Nikaamua kufanya jaribio, maana karatasi ni karatasi. Jumamosi, mke wangu yuko kwenye kikoba chake, nikachukua sufuria kubwa ya ugali, nikatia simu yangu ndani, nikafunika na mfuniko wake. Nikachukua simu ya binti yangu, nikapiga. Kimya. Nikaanza kutabasamu kama Faraday. Sekunde ya nne, sufuria ikaita.

Simu yangu huwa naiweka kwenye mlio na mtetemo kwa pamoja, sababu ya umri. Sasa hebu tia mtetemo ndani ya sufuria ya alumini iliyokaa juu ya meza ya fomeka. Ilitembea. Ilisogea mezani ikiunguruma na kuimba hadi ukingoni, na mke wangu akaingia kutoka kikobani wakati nimeikumbatia. Hakuuliza kitu. Aliweka mkoba chini, akavua viatu, akaenda kulala saa kumi jioni.

Mawimbi yalipita wapi? Binti yangu, ambaye anasoma chuo na ada yake naijua kwa tarakimu zote, ndiye aliyenielekeza. Mfuniko wa sufuria haubani. Ukingoni pana ufa mwembamba unaozunguka duara zima, na wimbi la redio halidai tundu la mviringo, ufa mrefu unalitosha. Halafu simu imeundwa kusikia hata mnong'ono wa mnara. Akachukua ile karatasi ya foili ya kuokea, akaizungushia simu yangu mara mbili, akakunja kila upande kama anayefunga tende. Tukapiga. Mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa.

Kwa hiyo sufuria nene ilishindwa, foili nyembamba kuliko unywele imeweza. Akaniambia wimbi la waifai likikutana na alumini halizami hata sehemu mbili za elfu za milimita. Unene wa bodi ya laptopu yangu, ambao niliugonga na kuulipia, ni mara mia kadhaa ya kina hicho. Kazi yote iko kwenye nyufa.

"Basi shemeji amesema kweli," nikamwambia. "Laptopu yangu ni sufuria."

Hapo mke wangu, ambaye nilidhani amelala, akasema kutoka chumbani: "Kama chuma kinazuia mawimbi, ile mifuniko ya mama yako juu ya mwembe ilikuwa inafanya nini?"

Mifuniko ya mama. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, kabla ya ving'amuzi na malipo ya mwezi, ukitaka televisheni ulichukua mifuniko miwili ya sufuria, ukaipigilia kwenye ubao, ukafunga waya, ukapandisha juu ya mti mrefu kuliko wa jirani. Kisha ukamtafuta mdogo wa watu, ukampa mlingoti, akawa mtu wa kugeuza. Wa ndani anapiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Aah, umepitiliza! Rudi!" Mdogo wangu alikua kiumbe cha mlingoti. Mchana wa Ijumaa, 31 Mei 2002, Kombe la Dunia linafunguliwa, Senegal wanacheza na Ufaransa mabingwa watetezi, sebule ya mama imejaa mtaa mzima, na yeye yuko nje ameshika nguzo kwa sababu akiiacha picha inakuwa mvua. Dakika ya 30 Papa Bouba Diop akafunga. Sebule ikalipuka. Mdogo wangu alisikia kelele, akaacha nguzo, akakimbilia ndani kuona, na alipofika mlangoni kioo kilikuwa mvua tupu. Hakuna aliyeona marudio. Mpaka leo hatujamsamehe, naye mpaka leo hajaliona goli lile. Namtumia kipande cha video kila mwaka, anakataa kukifungua.

Mifuniko ile ilikuwa alumini. Sufuria ile ile, kiwanda kile kile pengine. Mama alipika chini kwenye sufuria bila mfuniko, wali ukaiva vibaya miaka yote ile, ili sisi tuone mpira.

Binti yangu aliisikia hoja ya mama yake, akacheka. Akasema chuma hakili mawimbi. Wimbi likigusa chuma linatikisa umeme uliomo ndani yake. Ukifunga waya kwenye chuma kile, mtikisiko unakuja ndani, ndiyo antena ya bibi. Chuma kikikuzunguka pande zote bila waya wala ufa, mtikisiko unaishia kwenye ngozi na wimbi linarudishwa, ndiyo foili yake. Chuma kile kile kimoja. Kinachobadilika ni wewe uko upande gani.

"Kwa hiyo wanaotengeneza laptopu za chuma hawajui haya?" nikauliza.

Akageuza simu yake. Mgongo wa alumini, na kwenye mgongo, juu na chini, mistari miwili myembamba ya plastiki. Mimi mwenyewe nina simu ya namna hiyo. Nimeishi nayo miaka mitatu. Mistari ile nilidhani ni urembo, kama ukanda wa rangi ubavuni mwa daladala. Kumbe ni madirisha. Chuma kimekatwa pale ili wimbi lipite. Tena wakati mwingine chuma chenyewe cha ukingoni ndicho antena. Kompyuta kubwa za iMac za alumini zina lile tofaa lililoumwa mgongoni, nalo ni la plastiki, na antena imejificha nyuma yake. Watu wanadhani nembo.

Waliokosea walikosea mapema. Mwaka 1999 Apple walileta iBook, ile ya plastiki ya rangi rangi, yenye umbo la kifuniko cha choo, na Steve Jobs akaipitisha jukwaani ndani ya pete ya kuchezea watoto ili watu waamini kwamba haina waya. Januari 2001 wakaleta PowerBook ya titani, nyembamba, ya wakubwa, ya bei ya wakubwa. Ikawa inashika mtandao vibaya kuliko ile ya plastiki ya wanafunzi. Antena zilikaa chini, ubavuni, zikichungulia kwenye vidirisha vidogo. Zile za alumini za mwaka 2003 zikapandishiwa antena juu, pembeni mwa kioo, malalamiko yakapungua. Leo laptopu nyingi za chuma zina utepe mweusi wa plastiki pale kwenye bawaba au juu ya kioo. Nikageuza yangu. Utepe ulikuwepo. Bawabu wa mawimbi, kwenye bawaba.

Hapo, ndugu msomaji, nilitamani mazungumzo yaishe. Utaona kwa nini.

Binti yangu hakutaka yaishe. Alichukua laptopu yangu mpya, tofali langu la zamani kutoka juu ya kabati, na simu yake, akazipanga kwenye kochi, mahali pamoja. Kwanza akachomoa diski ya nje ya shemeji, yenye filamu 200 za watu wanaolipiza kisasi, akasema hizi USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ya waifai, Intel waliliandikia hilo waraka mwaka 2012. Mtandao ukapunguza kukatika kidogo tu. Nikafurahi kujua kwamba shemeji naye ana kahatia.

Kisha akafungua programu ya kupima. Namba zake ni za chini ya sifuri, kama akaunti yangu tarehe 20. Kadiri namba inavyozama ndivyo mtandao ulivyo dhaifu, na inazama kwa ujanja: ikishuka 3, nusu ya nguvu imekwenda, ikishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Simu yake ikasoma hasi 54. Tofali likasoma hasi 56. Laptopu yangu ikasoma hasi 84.

"Baba, hiyo ni tofauti ya 30. Yaani unapata moja ya elfu ya ninachopata mimi. Na simu yangu nayo ni alumini."

Nikasema kila bati na tabia yake. Sentensi ile ilikuwa imemtosha mhariri, mtoto haikumtosha. Alikuwa ameigeuza laptopu kichwa chini na kuikaribia kwa jicho moja.

"Baba, hii ilifunguliwa lini? Skrubu zimekwaruzwa. Na hapa zinapungua tatu."

Sebule ikawa na utulivu wa chumba cha Faraday. Mke wangu akatoka chumbani. Akaruka, kwa mazoea tu, ndoo yenyewe ilikuwa tupu. Akakaa.

Sawa. Kuna jambo sikulitaja. Wiki ya pili tangu nimeinunua, kwenye mkutano, mwenzangu mmoja aliniuliza kama ile ni plastiki iliyopakwa rangi. Mtu ukiulizwa swali la namna hiyo unafanyaje? Niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikaigonga kwa mwingine, nikasema, "Sikia!" Wote wakasikia. Ilitua kwa kona, kwenye vigae, ngo, na bawaba ya kushoto ikaachia. Mkutano ukaahirishwa kwa heshima ya marehemu.

Sikuweza kurudi nyumbani na kitu cha laki saba na nusu kinachoning'inia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja chini ya ngazi, mahali nisipojulikana. Alitoza 45,000, na matumizi hayo niliyaingiza nyumbani kama mchango wa harusi. Akafunga bawaba, ikabana vizuri, na skrubu tatu zilizobaki akanipa kwenye kikaratasi. "Hizi za ziada, mzee. Kiwandani huwa wanatia nyingi." Nilizihifadhi kwa uangalifu, kama mtu aliyepunguziwa bei. Usiku ule ule mtandao ukaanza kunikimbia. Niliona. Sikutaka kuunganisha mambo mawili, na shemeji alipokuja na mfupa wake wa kuku akaniondolea kabisa haja ya kuunganisha.

"Harusi ya nani?" ndilo swali pekee la mke wangu.

Jumatatu binti yangu alinipeleka kwa fundi mwingine, dada mmoja kijana mwenye miwani na bisibisi za sumaku, ambaye hakunigongea kitu. Alifungua kifuniko cha chini kwa dakika nne. Ndani kuna kadi ya waifai, ndogo, haizidi biskuti, na juu yake vishikizo viwili vya shaba, vidogo kama vichwa vya pini. Kwenye kila kishikizo hutakiwa kubofywa waya mwembamba, mmoja mweusi, mwingine mweupe, na waya hizo hupita ndani ya bawaba na kwenda kwenye antena, pale palipo na plastiki. Waya mweusi ulikuwa umelala pembeni, haujaguswa, msafi. Mweupe ulikuwa umebanwa na bawaba mpya hadi shaba yake ikaonekana.

"Hii ilikuwa haina masikio, mzee," akasema. "Ukiweka karibu kabisa na ruta inasikia kwa kile kipini tu. Ulikuwa unaitumia wapi?"

Nikamwambia nilikuwa na mahali pangu.

Kitu kimoja kiliniuma kuliko bei. Alichomoa kadi, akageuza bodi yote ya alumini, ile nzuri, ile iliyoimba Kariakoo, akanionyesha kwa ndani. Mahali pa antena pamechongwa nafasi kwa ustadi, kila kijiti, kila mwanya, na plastiki imewekwa pale kwa hesabu ya wimbi la sentimita 12 na nusu, na la pili la masafa ya 5 ambalo ni fupi zaidi ya nusu ya hilo. Kuna mtu mahali fulani alikesha kwa ajili ya kidirisha hicho. Nami kwa wiki tano nimemtangaza kwa mhariri, kwa bosi na kwa kikao cha familia kwamba ameniuzia debe.

Waya mpya na kazi, 25,000. Safari hii niliingiza kama waya na kazi.

Usiku huo nilikaa kwenye kochi. Hasi 55. Nikaenda chumbani, hasi 62. Nikajaribu nyuma, penye kamba za kuanikia nguo, nikapata vistari viwili katikati ya mashuka. Ndoo mke wangu aliirudisha kwenye kazi ya maji, paka akakasirika kwa siku mbili, alikuwa ameshazoea kulala juu yake nikiinuka. Nilimpigia shemeji kumweleza kwamba bati halikuwa na kosa, kosa ni waya kubanwa na bawaba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Shem," akasema, "bawaba si ya chuma?"

Sasa nimebaki na tatizo la mhariri. Huyu sijamwambia. Safu hii ilitakiwa Alhamisi, leo ni Jumamosi, mtandao unasoma vistari vyote hadi chooni, na kwa hesabu zangu bado nina haki ya wiki mbili tatu za bati kabla hajaanza kuuliza. Kwenye video kuna lile bwawa la samaki wanalochimba kwa mkono, wako futi ya 19, siwezi kuondoka wakati huu. Simu yangu nimeitia kwenye sufuria ya ugali, nikafunika vizuri, nikakandamiza na kinu.

Inaita. Imeshafika ukingoni mwa meza.

Nimemuuliza mke wangu ile foili iko wapi. Anasema amefungia kuku.